Kompyuta ya Shule Ikiharibika: Mwongozo kwa Wazazi Wanaozungumza Kiswahili Nchini Marekani

Kila mwisho wa mwaka wa masomo, mwezi wa Mei au Juni, shule za umma nchini Marekani hukusanya kompyuta walizoazimwa wanafunzi, na baada ya hapo ankara huanza kufika nyumbani: chaja iliyopotea, kioo kilichopasuka, vitufe vya kibodi vilivyong'oka, na mara nyingine bei ya kompyuta nzima. Mzazi aliyetoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, ambako tableti za miradi ya elimu hubaki shuleni, hakuzoea mali ya shule kulala nyumbani kwake kwa dhamana ya saini yake. Kwa hiyo karatasi ikifika, wengine hulipa siku hiyo hiyo kwa fedha walizotenga kwa ajili ya kodi ya nyumba, na wengine huikunja na kuitia kabatini. Nimekuwa mkalimani wa Kiswahili katika vikao vya shule kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba njia hizo mbili huwagharimu wazazi kuliko kioo chenyewe. Ankara ya shule ni madai yanayoweza kuhojiwa, na nguvu ya kuyahoji hutokana kwa sehemu kubwa na mambo ambayo mzazi aliyafanya, au hakuyafanya, miezi tisa kabla, siku mtoto alipokabidhiwa kifaa.

Karatasi ya Agosti

Kifaa ambacho wanafunzi wengi hupewa ni Chromebook, kompyuta nyepesi inayotegemea programu za Google, ingawa baadhi ya shule hutoa iPad, hasa kwa madarasa ya chini. Utaratibu wa kila mwanafunzi kuwa na kifaa chake ulikuwapo hata kabla, lakini ulienea kwa kasi shule zilipofungwa kwa sababu ya Uviko-19 mwaka 2020. Kifaa hicho hutolewa pamoja na mkataba wa matumizi. Zamani mkataba ulikuwa karatasi ya kutiwa saini. Siku hizi mara nyingi umo ndani ya usajili wa mtandaoni, kati ya fomu ya namba za simu za dharura na fomu ya ruhusa ya kupigwa picha, na anayebonyeza neno la kukubali ni mtoto, kwa niaba ya mama anayerudi kutoka kiwandani saa nane usiku. Shule itauhesabu mbonyezo huo kuwa saini ya mzazi.

Ombeni mkataba huo kwa Kiswahili, au ombeni mkalimani awasomee. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinabanwa na Kifungu cha VI cha Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, kinachokataza ubaguzi kwa misingi ya asili ya taifa. Katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols ya mwaka 1974, iliyohusu wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba kumnyima mtu huduma kwa sababu ya lugha yake kunaweza kuwa ubaguzi wa namna hiyo. Mzazi halipii ukalimani wa shule. Wala asikubali mtoto awe mkalimani wake: haiwezekani kijana aliyevunja kioo ndiye awatafsirie watu wazima kesi ya kioo hicho. Ni vizuri pia kusema mapema mnazungumza Kiswahili cha wapi, kwa maana mzazi wa Bukavu anayeiita ankara fakitire anaweza kupewa mkalimani wa Unguja, na wote wawili wakatoka kikaoni kila mmoja akiwa na shaka juu ya Kiswahili cha mwenzake.

Katika mkataba tafuteni kwanza namna unavyogawanya uharibifu. Mikataba mingi hutenganisha ajali, uzembe na makusudi, na gharama hupanda kwa kufuata mpangilio huo. Baadhi ya wilaya za shule, yaani mamlaka zinazoendesha shule za umma za eneo moja, husamehe ajali ya kwanza na kuanza kutoza kuanzia ya pili. Nyingine hutoza tangu mwanzo. Tazameni pia kama kuna jedwali la bei za vipuri, muda wa mwisho wa kutoa taarifa, na kanuni juu ya chaja, kwa sababu chaja ndiyo inayopotea kuliko kitu kingine chochote na mara nyingi haiingii katika bima.

Bima ya shule

Wilaya nyingi huuza mpango wa kinga ambao wazazi huuita bima, kwa ada ya mwaka ambayo kwa kawaida ni makumi machache ya dola. Huwa na dirisha la kujiunga, aghalabu wiki chache za mwanzo wa mwaka au baada ya mtoto kupokea kifaa, na dirisha likifungwa hakuna wa kulifungua. Ulizeni mambo manne kabla ya kulipa: inafidia mara ngapi kwa mwaka, mzazi huchangia kiasi gani kila tukio linapotokea, inahusu wizi na upotevu au uharibifu tu, na je, familia zinazopata chakula cha bure shuleni hupunguziwa ada. Uharibifu wa makusudi hauingii katika bima yoyote niliyowahi kuisoma.

Kwa maoni yangu, familia yenye watoto watatu wa shule ya msingi na ya kati ifanye kila linalowezekana kujiunga, iwapo ada ya mtoto mmoja iko chini ya bei ya kioo kimoja, ambayo imo katika jedwali la wilaya. Kijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari aliyetunza kompyuta yake miaka mitatu bila mkwaruzo ni habari nyingine, na hapo mzazi anaweza kuihifadhi fedha hiyo bila kujilaumu.

Siku ya kukabidhiwa

Kompyuta anayopewa mtoto si lazima iwe mpya. Huenda imepita mikononi mwa wanafunzi wawili au watatu, na mkwaruzo wa mtangulizi usipoandikwa utakuwa wa mwanao. Jioni hiyo hiyo iwekeni mezani penye mwanga na mpige picha kwa simu: mfuniko kwa nje, pembe zote nne, kioo kikiwa kimewashwa, kibodi, bawaba zinazounganisha mfuniko na mwili, tundu la chaja, na chini kabisa kibandiko chenye namba ya kifaa. Chaja nayo ipigwe picha, kwa kuwa baadhi ya shule huipa namba yake. Mkiona kasoro, iandikieni shule kesho yake. Picha hizo zitumeni kwa barua pepe yenu wenyewe ili zibaki na tarehe hata simu ikipotea.

Inafaa pia kujua vioo hivi hupasuka vipi, kwa sababu si mara zote huwa kwa kuanguka. Mtoto huacha penseli au visikizio juu ya kibodi, anafunga mfuniko kwa nguvu, na kioo kinapasuka kwa ndani: nyufa zinatawanyika kutoka nukta moja, wakati nje hapana hata alama. Au huinua kompyuta kwa kuishika pembe ya kioo kama mtu anayeinua sufuria kwa mfuniko. Au huitia katika begi lisilo na kava, vitabu vikaikandamiza, kisha begi likatupwa sakafuni. Tundu la chaja huharibika mtu anapojikwaa kwenye waya uliovuka chumba. Kuchagua mahali pamoja pa kuchajia, karibu na ukuta na mbali na jiko, huzuia mengi.

Likishatokea

Mtoto akirudi na kompyuta iliyovunjika, jambo la kwanza ni kuhakikisha anasema ukweli, na hatasema ikiwa anaona fimbo mbele yake. Nimeona watoto waliokaa wiki sita wakijifanya kompyuta imesahauliwa nyumbani, huku kazi za darasani zikirundikana na muda wa kutoa taarifa ukipita, na tukio ambalo lingehesabiwa ajali likahesabiwa uzembe.

Ikiwa imemwagikiwa na chai au maji, chomoeni chaja, izimeni, igeuzeni kibodi itazame chini juu ya taulo, na msiiwashe tena kuona kama inafanya kazi. Msiitie ndani ya mchele, kwa maana vumbi la mchele huingia kwenye matundu na maji hubaki palepale. Msiipeleke kwa fundi wa simu wa mtaani, hata akiwa hodari na bei yake iwe nusu ya ile ya shule: kifaa ni mali ya wilaya, mikataba mingi inakataza kukifungua nje, na kioo kisicho cha asili kinaweza kuwaletea deni la pili juu ya la kwanza.

Kisha toeni taarifa kwa maandishi, siku hiyo au inayofuata, hata kama mtoto amekwisha kumwambia mwalimu kwa mdomo. Mnaweza kuandika kwa Kiswahili, na ujumbe hauhitaji kuwa mrefu:

"Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la 7 aliyetajwa hapo juu. Tarehe 14 Oktoba, 4:15 jioni, kioo cha Chromebook yenye namba iliyo kwenye picha kilipasuka baada ya kuanguka kutoka mezani. Haikuwa kwa makusudi. Naomba kujulishwa utaratibu wa matengenezo, gharama kama ipo, na kompyuta ambayo mtoto atatumia kwa sasa. Nazungumza Kiswahili, naomba kujibiwa kwa Kiswahili au kupitia mkalimani."

Saa katika ujumbe huo imeandikwa kwa hesabu ya saa ya Kimarekani kwa sababu maalumu. Mkiandika saa kumi jioni, programu ya kutafsiri inaweza kuigeuza kuwa saa nne usiku wetu, na maelezo yenu yakaonekana kupingana na ya mwalimu. Tarehe nayo iandikwe kwa jina la mwezi, maana Wamarekani huanza na mwezi na 3/10 kwao ni tarehe 10 Machi.

Kifaa kikiibwa, shule nyingi hudai taarifa ya polisi, kitu kinacholingana na RB ya Tanzania au ile ya kituoni Kenya. Pigeni namba ya polisi isiyo ya dharura, isipokuwa kama mwizi bado yupo, na mwombe namba ya kumbukumbu ya tukio. Ijulisheni shule mara moja, kwa kuwa mafundi wake wanaweza kuifunga kompyuta hiyo kwa mbali ili isimfae aliyeiiba.

Ankara ikifika

Isomeni mkiwa na zile picha za Agosti. Mwaka mmoja nilikaa na mama mmoja mbele ya msaidizi wa mkuu wa shule, ankara ya dola 310 ikiwa mezani, kwa kompyuta iliyodaiwa kutorudishwa. Mama alikuwa amebeba karatasi hiyo kwenye mkoba kwa wiki tatu, imechakaa kwenye mikunjo. Nilimwomba mwanawe afungue begi, kompyuta ilikuwamo. Tuliigeuza. Kibandiko kiliishia na 0482, na ankara ilidai 0428. Kijana alikuwa amebadilishiwa kifaa katikati ya mwaka baada ya matengenezo na mtu akakosea kuandika. Deni lilifutwa kabla chai haijapoa, na msaidizi yule aliomba radhi kwa adabu. Kwa hiyo namba ndiyo ya kwanza kulinganishwa, kabla ya hoja nyingine yoyote.

Namba zikilingana, ombeni mchanganuo wa maandishi: ni kipuri gani, kwa bei gani, nani aliyekagua, na picha za uharibifu. Kama kilichovunjika ni kioo tu na mnadaiwa kompyuta nzima, ulizeni kwa nini haitengenezeki. Ulizeni kama bado iko ndani ya dhamana ya mtengenezaji, maana bawaba iliyolegea au betri iliyovimba inaweza kuwa kasoro ya kiwandani au uchakavu wa kawaida, ambao mtoto hapaswi kuulipia.

Umri wa kifaa nao ni hoja. Kila Chromebook ina tarehe ambayo baada yake haipokei tena masasisho ya Google. Mnamo Septemba 2023 kampuni hiyo ilitangaza miaka 10 ya masasisho kwa aina zilizotoka kuanzia 2021, lakini za zamani zina muda mfupi zaidi, isipokuwa pale mwenye kifaa au msimamizi wake anapochagua kuuongeza. Tarehe hiyo huonekana katika mipangilio, kwenye sehemu inayoeleza mfumo wa kompyuta. Ikiwa shule inadai bei ya kompyuta mpya kwa iliyobakiza miezi michache, mzazi anaweza kuomba kwa heshima itozwe thamani yake ya sasa. Hii ni hoja tu, si sheria inayomlazimisha mkuu wa shule, lakini nimewaona wakuu wakiikubali.

Sheria za majimbo hazifanani, na hapa ndipo wazazi wanaosikilizana kwa simu kati ya Kentucky na California hupotoshana. Kanuni ya elimu ya California inamwajibisha mzazi kwa mali ambayo mtoto ameiharibu kwa makusudi, au aliyoazimwa na hakuirudisha alipotakiwa. Wilaya haiwezi kuzuia matokeo au cheti kwa sababu hiyo kabla ya kumwandikia mzazi na kumpa mwanafunzi nafasi ya kujitetea, na familia isiyoweza kulipa inapaswa kupewa utaratibu wa mtoto kufanya kazi ya kujitolea badala ya fedha. Sheria nyingine ya jimbo hilo, iliyoanza kutumika mwaka 2019, inakataza shule kumwadhibu mwanafunzi kwa madeni mengine. Illinois inazitaka bodi za shule ziwe na sera ya kusamehe ada, pamoja na faini za upotevu wa mali ya shule, kwa watoto ambao wazazi wao hawana uwezo. Mahali pengine wilaya hubakiwa na uhuru mkubwa zaidi. Ombeni kuonyeshwa sera ya bodi ya wilaya yenu kwa maandishi, na kama mkuu wa shule hakuwaridhisha, andikeni kwa ofisi ya wilaya.

Uharibifu wa makusudi ni jambo zito kila mahali. Majira ya kuchipua ya mwaka 2025 vijana walianza kuigana TikTok wakichomeka vipande vya karatasi ya alumini, sindano na ncha za penseli kwenye matundu ya Chromebook hadi zitoe moshi. Betri za kompyuta hizo zinaweza kuwaka moto, na wilaya kadhaa zilionya kwamba zaidi ya gharama kuna adhabu ya shule na pengine polisi. Mtoto wenu akitajwa katika jambo la namna hiyo, msitie saini maelezo yoyote kabla ya kikao chenye mkalimani.

Fedha zisipokuwapo

Semeni wazi, na mapema, kwamba hamwezi kulipa kwa mkupuo. Malipo ya awamu hutolewa kwa urahisi kuliko msamaha, lakini msamaha nao upo. Shule nyingi huutoa kwa kuangalia kama mtoto anastahili chakula cha bure au cha bei nafuu, na hapa kuna mtego mdogo: taarifa za fomu ya chakula ni siri, na ofisi ya ada kwa kawaida haizioni mpaka mzazi aidhinishe zitumike. Tafuteni kisanduku au fomu ya idhini hiyo. Katika shule ambako watoto wote hula bure bila kujaza fomu, ombeni fomu ya kipato inayotumika badala yake, au pelekeni barua ya SNAP, msaada wa serikali wa chakula, au ya Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo.

Familia inayoishi kwa kubanana na ndugu au marafiki kwa sababu ilipoteza nyumba au imeshindwa gharama huhesabiwa kuwa haina makazi chini ya sheria ya McKinney-Vento, na sheria hiyo inazitaka shule ziondoe vikwazo vya kuandikishwa na kubaki shuleni, vikiwamo vinavyotokana na ada na faini ambazo hazijalipwa. Kila wilaya ina mtumishi wa kushughulikia familia hizo. Neno hilo la kutokuwa na makazi huwaudhi wazee wetu, ambao wanajua kwamba kulala kwa binamu si kulala nje, lakini ni istilahi ya kiofisi tu na haiwaondolei heshima. Vilevile, mtoto mwenye mahitaji maalumu ambaye mpango wake wa elimu ya pekee, yaani IEP, unataja kifaa hicho, hupewa bila malipo. Mzazi aombe kikao cha IEP kabla ya kujibu ankara yoyote.

Wapo wanaolipa kwa hofu ya uraia. Fomu N-400, ya kuomba uraia wa Marekani, inauliza juu ya kodi za serikali ambazo hazijalipwa. Haina swali juu ya kioo cha shule. Hata hivyo deni lisipuuzwe, kwa sababu wilaya nyingine hukabidhi madeni ya zamani kwa wakala wa kukusanya, na katika majimbo yanayoruhusu, kijana anaweza kujikuta amezuiwa sherehe za mahafali.

Mkilipa, lipeni ofisini au kwa mtandao rasmi wa wilaya, si kwa mwalimu mkononi, na risiti iandikwe namba ya kifaa. Ulizeni fedha hurudishwa vipi iwapo kompyuta iliyopotea itaonekana, maana huonekana, mara nyingi chini ya kiti cha basi la shule.

Familia zetu huhama sana, kutoka Texas kwenda Iowa, kutoka Arizona kwenda Kentucky, mara nyingine ndani ya wiki moja baada ya simu ya shemeji kuhusu kazi ya kiwanda cha nyama. Kabla ya kupakia gari, rudisheni kompyuta pamoja na chaja yake shuleni na mdai hati ya mapokezi yenye tarehe. Ikiwa mmeshafika mlikohamia na kifaa kimo ndani ya masanduku, ipigieni simu shule ya zamani mwulize wanavyotaka kirudishwe. Mara nyingi hutuma lebo ya posta iliyolipiwa. Na kama shule hiyo inasitasita kuhusu kumbukumbu za mtoto kwa sababu ya deni, sheria ya FERPA ya mwaka 1974, inayohusu kumbukumbu za wanafunzi, inampa mzazi haki ya kuziona ndani ya siku 45 tangu aombe, deni liwepo au lisiwepo.